Mkaguzi Anaendelea Vizuri

Chumba cha Wanyama, Chuoni
6 Februari

Dada, shikamoo.

Uongozi wa Chumba cha Wanyama unasikitika kutangaza kifo cha kifungo cha tatu cha shati la kaki la fundi wa maabara, kilichotokea leo saa nne na robo asubuhi baada ya kupigwa na ulimi. Marehemu alikuwa wa plastiki, rangi ya kahawia, na ameacha vifungo vinne na tundu moja. Habari ziwafikie sindano na uzi popote walipo.

Mtuhumiwa ni Mkaguzi, yule kinyonga jike niliyekabidhiwa na Mwalimu wa Bayolojia mwezi uliopita. Jina nilimpa siku ya kwanza, kwa sababu jicho moja lilinitazama usoni na lingine lilikuwa linasoma karatasi niliyoshika, na yote mawili hayakuridhika. Kila jicho linakwenda kivyake, Dada. Kope yake ni nene, ya duara, imefunika jicho lote ikaacha katikati tundu dogo kama la sindano, na tundu hilo linazunguka mbele, nyuma, juu na chini bila kumuuliza mwenzake yuko wapi. Lakini akiona mdudu, macho yote mawili yanakutana sehemu moja, anapima umbali, na hapo ujue kazi imeanza. Leo yalikutana kifuani kwangu. Ulimi ulitoka na kurudi kabla sijapumua. Ni mrefu kuliko kiwiliwili chake, ncha yake inanata kuliko gundi ya chuo, na kuhusu mwendo wake sina la kukuambia maana sikuuona. Nilisikia tu kama mtu kanidunda kwa kidole. Alikitafuna kifungo, akakitema, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempikia.

Sasa kazi. Nimefanya kama ulivyoagiza. Nimekaa juu ya ndoo yangu mbele ya kizimba, nimechukua ile kadi ya duka la rangi za kuta, yenye miraba tisini na sita ya rangi, kila mmoja na namba yake, ambayo wewe unayo pacha wake, nikaisogeza ubavuni mwake mara nne kwa siku. Saa moja asubuhi bado ana rangi ya usingizi, amepauka: kichwa 12, ubavu 14. Nusu saa baadaye ule ubavu unaotazama dirisha umekuwa 71, karibu na kahawa, ili unywe jua, na ubavu wa pili umebaki 14. Saa sita ni 33 mwili mzima, isipokuwa mkia, 30. Jioni 31. Za siku nyingine ziko kwenye karatasi za rangi nilizoambatisha.

Mwalimu anasema hajibadilishi ili ajifiche. Nimehakikisha mwenyewe. Nimemweka juu ya kitambaa chekundu, juu ya kiti cha bluu na juu ya gazeti, hakujali hata kidogo. Ndani ya ngozi yake mna chembe zenye vipande vidogo mno vinavyong'aa. Vikikaribiana mwanga unarudi na rangi moja, vikiachana unarudi na nyingine. Na vinakaribiana au kuachana kwa baridi, kwa joto, kwa hasira, kwa woga. Kwa ufupi hawezi kuficha hali yake hata akitaka. Nikamwambia Mwalimu, basi huyu hafai kucheza karata.

Jambo la mwisho. Jana amejivua ngozi. Usidhani ni kama jirani yake, nyoka wa tangi la tatu, anayevua nzima kama soksi. Huyu ni vipande vipande vyeupe, kimoja begani, kimoja mgongoni, kama ukuta wa chumba changu unavyobanduka rangi. Alishinda anajikwangua kwenye tawi kwa aibu.

Ungeniruhusu nikupigie simu, yote haya yangekwisha kwa dakika tano.

Kitinda wako

*

Mezani kwangu
15 Februari

Kitinda,

Marahaba. Pokea rambirambi. Kwa ninavyolijua shati lile, kifungo kile kilikuwa kinatafuta njia ya kuondoka siku nyingi, na kwa ninavyolijua tumbo lako, sikilaumu.

Namba zimefika salama. Nilipopaka 71 ubavu mmoja na 14 ubavu wa pili nilidhani umekosea, mpaka nikakumbuka dirisha. Picha ya kwanza na ya pili ziko ukutani zinakauka.

Sasa nisikilize, utacheka baadaye. Miaka ishirini na mbili nimechora vitabu vya shule. Moyo uliopasuliwa, haragwe lililopasuliwa, chura aliyepasuliwa. Watoto wengi wamesoma kwa mkono wangu, na hakuna hata mmoja anayejua jina langu, kwa sababu halijawahi kuandikwa. Hiki ni kitabu cha kwanza ambacho litakuwa kwenye jalada. Picha kumi na mbili, kinyonga mmoja, nusu mwaka wa maisha yake. Mhariri amekubali sentensi niliyoitaka ukurasa wa kwanza: "Rangi zote katika kitabu hiki zimechukuliwa kwa kinyonga mmoja aliye hai." Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia bila aibu. Picha zote zinatakiwa mwisho wa Juni.

Simu hapana. Sababu unaijua, lakini nitairudia mara moja ili tusiirudie tena. Jumapili saba nilikupigia kuuliza hali ya Mama, na Jumapili saba ukaniambia "anaendelea vizuri". Jumapili ya nane nilikuwa ndani ya basi nakuja kuona kaburi. Ulisema Mama mwenyewe alikukataza kuniambia, nisije nikaacha ajira ya kudumu niliyokuwa ndiyo kwanza nimeipata. Nimekubali. Inafanana naye. Lakini miaka sita sasa sauti yako siiamini, Kitinda, ni tamu mno. Karatasi naweza kuiweka kwenye droo na kuitoa.

Kwa hiyo andika. Andika unachokiona, hata kikiwa kibaya. Kikiwa kibaya ndio nakihitaji zaidi.

Dada yako

*

Chumba cha Wanyama, Chuoni
2 Machi

Dada, shikamoo.

Nina habari njema kwa watu wenye vitambi popote walipo. Tumepata mwenzetu. Mkaguzi amenenepa. Ubavuni amejaa, ukimtazama kwa mbele anafanana na mkoba wa mwanasheria. Kila nikimpita namwambia, karibu kwenye chama, kiingilio ni mkanda kuukuu.

Ila tabia zimebadilika. Zamani alikuwa akishika tawi kwa yale makoleo yake, vidole viwili huku na vitatu kule, mkia umejizungusha chini, basi hapo ameshafika, utamkuta hapohapo saa sita. Siku hizi anashuka. Anateremka mpaka chini ya kizimba, anakwangua gazeti kwa mikono ya mbele, anatulia, anakwangua tena kona nyingine. Nadhani anatafuta mlango wa kutorokea, na simlaumu kwa uimbaji wangu. Namshika tumboni taratibu, namrudisha kwenye tawi. Baada ya robo saa yuko chini. Leo nimemrudisha mara nne kabla ya chai.

Chakula hataki. Panzi anamtembelea puani, yeye kafumba macho. Nadhani amekinai.

Lakini rangi, Dada. Sijawahi kuona. Saa sita mwili umekuwa 90, karibu na nyeusi kabisa, na juu yake madoa ya 47 kama mtu kamwaga matone ya mafuta ya alizeti, na mistari ya 62 shingoni, ile bluu ya kijani. Nikipeleka mkono anajitanua, anafungua mdomo, anatoa pumzi kama mpira uliotoboka, halafu anayumba huku na huku. Nimekaa juu ya ndoo yangu nikamtazama nusu saa nzima, nikasahau kupiga kengele ya maabara. Wanafunzi wamenishukuru.

Kitinda wako

*

Mezani kwangu
11 Machi

Kitinda,

Marahaba. Picha ya saba imekwisha asubuhi hii. 90, 47, 62. Nimepaka mara tatu nikachana, ya nne ikakubali. Hizo ndizo rangi nzuri kuliko zote nilizowahi kuweka kwenye karatasi tangu nishike brashi. Mhariri alipita, akavua miwani, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Amesema hiyo ndiyo itakuwa jalada.

Ahsante, mdogo wangu. Sikusemi mara nyingi kwa wema, basi ihifadhi barua hii.

Lakini kule kushuka na kukwangua kunanisumbua. Mnyama asiyependa kutembea hatembei bure. Muulize Mwalimu. Na kama hali kitu, aliacha lini kula? Niandikie.

Mpe pole na kitambi chake. Mwambie amekuwa jalada.

Dada yako

*

Chumba cha Wanyama, Chuoni
28 Machi

Dada, shikamoo.

Samahani nimechelewa, mafua yalinilaza.

Nimemuuliza Mwalimu, amesema ni kawaida ya majike. Kukwangua ameacha. Zile rangi nyeusi zimekwisha, amerudi kwenye kijani chake. Saa moja 12 na 14, saa sita 33, mkia 30, jioni 31.

Mkaguzi anaendelea vizuri.

Kitinda wako

*

Mezani kwangu
20 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikaigeuza nyuma kutafuta iliyobaki. Hakuna hata mzaha mmoja. Mafua gani hayo yanayoondoa domo?

Hata hivyo nimeitumia. Ya nane na ya tisa ziko tayari, ya kumi naimaliza kesho. Ni picha tulivu, kinyonga aliyetoka kwenye dhoruba akarudi kwenye tawi lake. Mhariri amependa.

Ya kumi na moja nataka iwe kujivua ngozi. Ulinigusia Februari, lakini wakati ule sikuwa nimepanga. Mhariri ameuliza huko na huko, anasema mkubwa kama huyu hujivua tena kila baada ya wiki kadhaa. Basi keti kwenye ndoo yako ungoje. Nataka ujue inaanzia wapi, inatokaje, na rangi iliyo chini yake ikoje ikiwa mpya.

Kula vitu vya moto.

Dada yako

*

Chumba cha Wanyama, Chuoni
6 Mei

Dada, shikamoo.

Tangazo, tangazo. Mama mwenye nyumba wetu, Bibi Mkaguzi wa Tawi la Juu, amebadilisha nguo.

Imetokea jana asubuhi. Ilianzia mdomoni, ikakunjuka taratibu kurudi nyuma, ikatoka nzima mpaka ncha ya mkia, kama mtu anavyovua soksi iliyolowa. Imebaki pale imelala, nyembamba, inapitisha mwanga, kila gamba linaonekana. Hata kifuniko cha jicho kimo, kigumu kidogo, cha mviringo, kama kioo cha saa ya mkononi. Ningeweza kuivaa mimi kama si suala la kiuno. Rangi ya chini ni 33 ile ile lakini inang'aa, weka maji kidogo zaidi.

Tumbo langu linakusalimu. Kifungo kimeshonwa, cha rangi nyingine, wanafunzi wananiita Taa ya Barabarani.

Anaendelea vizuri kabisa.

Kitinda wako

*

Mezani kwangu
19 Mei

Kitinda,

Nimeweka barua zako mezani, bega kwa bega, ya Februari na ya Mei.

Februari: "Usidhani ni kama jirani yake, nyoka wa tangi la tatu, anayevua nzima kama soksi. Huyu ni vipande vipande." Mei: soksi. Februari: kope nene, ya duara, yenye tundu dogo. Mei: kioo cha jicho. Mnyama mwenye kope hana kioo, Kitinda. Nimechora nyoka mara kumi na tano katika vitabu vya shule. Ile ni ngozi ya nyoka.

Mwanzoni sikuwa na shaka. Nilichora nusu ya picha ya kumi na moja kwa maneno yako kabla mkono haujakataa wenyewe.

Nikarudi nyuma. Namba za tarehe 28 Machi ni za tarehe 6 Februari, moja moja, hata mkia. Mnyama yule hakuwa amewahi kurudia siku mbili sawasawa. Na chini yake umeandika yale maneno. Nimeyaangalia yale maneno mawili, "anaendelea vizuri", muda mrefu. Sikuyaona yalipofika mara ya kwanza, na hilo ndilo siwezi kujisamehe, kwa sababu mimi ndiye niliyekuandikia mwezi Februari kwamba ndiyo uliyokuwa ukiniambia kuhusu Mama.

Mkaguzi alikufa lini?

Nimemwandikia mhariri asimamishe kitabu. Sikumwambia kwa nini, kwa sababu sijui kwa nini. Sijui picha ipi ni ya kinyonga na ipi ni ya mdogo wangu. Anangoja jibu langu mpaka katikati ya Juni, baada ya hapo ataita mchoraji mwingine, na atakuwa na haki. Ile sentensi ya ukurasa wa kwanza nimeikata mwenyewe kwa kalamu.

Na jambo moja ambalo miaka sita sikuwahi kukuuliza, kwa sababu lilionekana limekaa sawa. Mama alipokukataza kuniambia, alisema maneno gani hasa? Alikuwa amekaa wapi?

Jibu kwa karatasi. Na usinichekeshe.

Mchoraji

*

Chumba cha Wanyama, Chuoni
2 Juni

Dada, shikamoo.

Nimechana barua mbili. Zote zilikuwa na mzaha kwenye mstari wa kwanza. Hii ni ya tatu.

Mkaguzi alikufa tarehe 17 Machi, kati ya saa sita na saa nane mchana.

Siku niliyokabidhiwa, Mwalimu aliniletea vitu vitatu: kizimba, chupa ya kupulizia maji kwenye majani, na ndoo. Ndoo ilikuwa ya kujazwa mchanga wenye unyevu na kuwekwa ndani, kina kuanzia ncha ya vidole mpaka kiwiko. Aliniambia jike akikomaa anaweza kupata mayai hata kama hajawahi kumwona dume, kama kuku asiye na jogoo. Mayai hayo hayatoi kitu, lakini lazima yatoke. Hayatagi juu ya tawi, wala kwenye sakafu ngumu. Lazima achimbe shimo, aingie, ayafukie. Akikosa pa kuchimba anayazuia mpaka yanamuua. Nilisema nimeelewa. Na nilielewa. Mchanga uko nyuma ya jengo, hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Nilisema nitajaza kesho. Ndoo nikaipindua nikaikalia.

Ndiyo ile ndoo niliyokuwa nakuandikia habari zake.

Alipoanza kushuka na kukwangua gazeti, sikuwa mjinga, Dada. Nilijua kuna jambo niliwahi kuambiwa. Sikutaka kulikumbuka, kwa sababu nikilikumbuka itabidi niende kwa Mwalimu nikaseme kwamba wiki sita sijajaza ndoo. Nikaona afadhali awe mnene. Nikakuandikia kwamba ni mnene, na nilipokwisha kuiandika vizuri ikachekesha, nikaiamini. Ulisema nimuulize Mwalimu. Sikumuuliza. Yale maneno kwamba ni kawaida ya majike niliyaweka mimi kinywani mwake.

Kila nilipomrudisha kwenye tawi niliweka alama pembeni ya karatasi ya rangi, kwa sababu mwanzoni nilitaka kukutania kwa idadi. Ziko alama arobaini na moja. Za siku mbili za mwisho ni chache, maana alikuwa hashuki tena. Alikuwa ameshika tawi na kichwa kimeinama, macho yameingia ndani, yamefumba mchana.

Barua yako ya tarehe 11 ililetwa siku hiyohiyo ya 17, saa tisa. Mkaguzi alikuwa mezani juu ya gazeti. Mwalimu alikuwa ameshamfungua. Mayai thelathini na saba, meupe, yamebanana kiasi kwamba tumbo halikuwa na nafasi ya kitu kingine. Hakunigombeza. Aliiangalia ndoo, akaniangalia mimi nilivyoikalia, akanawa mikono, akatoka. Nikafungua barua yako nikasoma kwamba 90, 47 na 62 ndizo rangi nzuri kuliko zote ulizowahi kuweka kwenye karatasi. Baadaye Mwalimu aliniambia maana yake. Ni rangi za jike mwenye mayai anayeomba aachwe peke yake. Nami nilikuwa kila akishuka naingiza mkono.

Nilisema nitakuandikia kesho. Kesho nikasema nikuache kwanza ufurahi. Baada ya siku kumi na moja nikafungua daftari, nikanakili namba za Februari.

Picha ya kwanza mpaka ya saba ni za Mkaguzi. Niliziona kwa macho yangu na kadi ilikuwa ubavuni mwake. Ya nane, ya tisa na ya kumi si za mtu yeyote. Ya kumi na moja ni nyoka. Nilikaa mbele ya tangi la tatu nikaandika nilichokiona, kwa sababu kubuni kitu kizima siwezi, naweza tu kuhamisha.

Kuna karatasi moja sikuituma. Ni ya tarehe 17. Nilishika kadi asubuhi na saa sita kama kawaida, nikidhani ni siku ya kawaida. Saa moja ubavu 88, madoa hayapo. Saa sita 14 mwili mzima, rangi anayolala nayo, ila ubavu wa kushoto una baka la 88 lisilotaka kuondoka. Jioni sikushika. Nimeiweka humu ndani pamoja na kadi yangu. Ukitaka kumwonyesha mhariri barua hii, mwonyeshe. Jina la kwenye jalada ni lako, makosa ni yangu, na niko tayari kumwandikia hivyo kwa mkono wangu.

Sasa Mama.

Mama hakunikataza.

Neno lile nililisema kituoni siku ile, uliposhuka kwenye basi na mfuko mmoja, ukaniuliza "kwa nini" kabla hujanisalimia. Lilitoka lenyewe. Ulilipokea, ukalia, ukasema ni tabia yake, na baada ya hapo sikuona pa kuliweka chini.

Jumapili ya kwanza alikuwa kweli anaendelea vizuri. Ya pili nilidhani hivyo. Ya tatu nilijua sivyo, lakini kukuambia ya tatu ilikuwa lazima nieleze ya pili. Ulikuwa unacheka sana kwenye simu siku zile, kwa ajili ya ile kazi, na mimi ndiye niliyekuwa nakuchekesha. Nilipenda kusikia ile sauti. Sina sababu nyingine kubwa zaidi ya hiyo.

Mama alikuulizia. Wiki ya tano aliniuliza kama nimekuambia, nikasema nimekuambia. Akauliza unakuja lini. Nikasema uko njiani. Kwa hiyo umekaa miaka sita ukiamini hakutaka uje, na yeye alikaa wiki mbili akiamini unakuja.

Umeuliza alikuwa amekaa wapi. Alikuwa kwenye kiti chake cha mikono. Siku ya mwisho, mchana, aliomba nimtoe kitandani. Nilimweka dirishani apate hewa, nikaenda jikoni kuchemsha maji. Niliporudi alikuwa amejisukuma pamoja na kiti, amegeukia mlango. Sijui nguvu alizitoa wapi. Nikaona upepo wa mlangoni utampiga kifuani, nikamgeuza dirishani. Nikaenda kuzima jiko, nikarudi, ameshageukia mlango. Nikamshika chini ya mabega, taratibu, nikamwambia Mama, utajichosha bure, nikamrudisha dirishani. Nikitoka anageuka, nikirudi namgeuza, mpaka alipoacha kugeuka.

Ni mara ngapi sijui. Siku hiyo sikuweka alama.

Mdogo wako